Bila maji tusingekuwa na nchi kavu

(Hii ni kwa ambao hamkufika Jumamosi kwenye mazungumzo yangu ya mawe hapa Mwanza. Nimeiandika kama nilivyoongea, zile picha za ukutani nimeziacha, na pale nilipopotea njia nimepaacha hivyo hivyo.)

Wazee wangu shikamooni. Wengine wote, mwangaluka!

Naanza na swali na sitaki mwanafunzi yeyote ajibu, namtaka yule mama pale nyuma mwenye kitenge cha njano. Mama, mkaa umepanda bei, maharage yako ni yale magumu ya mwaka jana, unatia nini yaive haraka? ... Magadi. Asante sana mama. Naomba wote mlishike hilo jibu, msilipoteze, nitalidai nikifika katikati, maana bila magadi sisi wote humu tungekuwa samaki.

Sasa, mmekuja hapa leo mmepita kwenye mawe. Mwanza huwezi kwenda popote bila kupita kwenye mawe, watu wamejenga juu yake, wameanika nguo juu yake, mbuzi wanalala juu yake. Nani amewahi kujiuliza hili jiwe limetoka wapi? Sio nani kalipanga, najua kuna wanaosema majini, hapana, namaanisha lenyewe, mwili wake, limetoka wapi? Na nikisema limetoka wapi nauliza pia nchi kavu imetoka wapi, kwa sababu hii dunia ilipoanza haikuwa na bara. Haikuwa na Afrika, haikuwa na Asia, haikuwa na hata kipande cha kusimama.

Dunia ina miaka bilioni 4.54. Bilioni ni neno la kutamka tu mpaka ulihesabu. Ukianza kuhesabu leo, mwaka mmoja kwa sekunde moja, bila kulala bila kula, utamaliza baada ya miaka 144 hivi, yani utamwachia mjukuu wako amalizie. Kwa hesabu hiyo hiyo tangu Yesu azaliwe ni kama dakika 34. Mnanielewa ukubwa wake?

Mwanzoni kabisa dunia iligongwa na kitu kikubwa kama sayari, mwezi ukatokea hapo, na joto la ule mgongano likaifanya dunia iwe uji wa moto. Huo uji ukapoa juu ukafanya ganda. Vitabu vya shule vinaliita ukoko, na mimi nina ugomvi kidogo na hilo neno, maana ukoko tunaoujua, wa pwani wanaita utandu, unakaa chini ya sufuria, wakati ganda la dunia liko juu, lingeitwa utando kama ule wa maziwa ningenyamaza. Haya, tuendelee.

Ganda liko la aina mbili. La bahari ni jembamba, kama kilomita 7, ni bazalti, jiwe jeusi zito, na kwa sababu ni zito linazama, linarudi chini, ndio maana sakafu ya bahari kuu karibu yote haifiki hata miaka milioni 200. Ni kijana. La bara ni nene, kilomita 35 mpaka 40 hivi, ni jepesi, lina graniti, jiwe kama haya ya kwetu Mwanza, na ndugu zake, linaelea kama mtumbwi na kuzama halizami kirahisi. Kwa hiyo ukitaka kumbukumbu ya zamani za dunia usiende baharini, nenda bara, tena bara kongwe.

Sasa ukongwe huo tumeujuaje? Nani alikuwepo akaandika?

Hapa nakuja kwa kibubu. Wote mnakijua kibubu, kile cha udongo au cha mbao kina tundu la kutumbukizia sarafu tu, hakina mlango, mpaka ukivunje. Kuna chembe inaitwa zirikoni, ngumu balaa, inazaliwa ndani ya magma, yani mwamba ulioyeyuka, inapopoa. Ikizaliwa inapokea metali ya urani kidogo ndani yake lakini risasi, ile metali sio ya bunduki, inaikataa, haina nafasi nayo. Alafu urani inaanza kugeuka kuwa risasi taratibu, kwa mwendo unaojulikana, urani ya aina ya 238 nusu yake inachukua miaka bilioni 4.47 kugeuka. Kwa hiyo kila risasi utakayoikuta ndani ni sarafu iliyodondoka baada ya kibubu kufungwa. Hesabu sarafu, unajua kibubu kina umri gani. Na uzuri kuna urani nyingine, 235, inayoenda kasi zaidi, kwa hiyo ni vibubu viwili ndani ya kimoja, vikikubaliana ujue hakuna mtu alichokonoa.

Magharibi mwa Australia, kama kilomita 800 kaskazini mwa Perth, kuna vilima vinaitwa Jack Hills. Mwamba wenyewe pale sio wa ajabu sana, ni kokoto na mchanga wa mto wa kale vilivyogandamana miaka kama bilioni 3 iliyopita. Lakini ndani ya mchanga ule kuna chembe za zirikoni zilizotoka kwenye miamba mingine iliyokwisha kufa, imesagika, imepotea kabisa, imebaki chembe tu. Mwaka 2001 wanajiolojia Simon Wilde, John Valley na wenzao wakatangaza chembe moja yenye umri wa miaka bilioni 4.4. Chembe ndogo kuliko punje ya sukari! Mwamba mama haupo, mto haupo, chembe ipo.

Na haikuishia kwenye umri. Ndani ya zile zirikoni kuna oksijeni, na oksijeni ina nzito na nyepesi. Magma iliyotoka chini moja kwa moja bila kugusana na chochote ina kipimo chake kinachojulikana. Baadhi ya zile chembe zilikuwa na oksijeni nzito kuliko kipimo hicho, na njia ya kawaida ya mwamba kupata oksijeni nzito namna ile ni kukaa na maji, maji ya kawaida, juu juu huku, kabla haujayeyushwa tena. Maji! Kipindi kile wataalamu walikuwa wamekipa jina la kuzimu kabisa, Hadea, kutoka kwa Hades ya Wagiriki, wakidhani ni moto mtupu. Kumbe miaka bilioni 4.3 iliyopita kulishakuwa na maji yanatembea juu ya mawe.

Naomba hapa niwe mkweli. Zirikoni moja haithibitishi bara. Ukikuta punje moja ya mchele barabarani huwezi kusema mbele kuna ghala, inaweza kuwa gunia lilitoboka. Wapo wanaosema tayari kulikuwa na mabara makubwa, mimi naona wanakimbia kuliko ushahidi wao. Mwamba mzima, wa kushika mkononi, ambao watu wengi wanaukubali kuwa mkongwe kuliko yote ni naisi, jiwe lenye mistari mistari, ya Acasta, kaskazini ya mbali ya Kanada, kama kilomita 300 kaskazini mwa Yellowknife, umri wake bilioni 4.03. Kuna mwingine huko huko Kanada, Nuvvuagittuq, pembeni mwa Hudson Bay, mwaka 2008 walisema una bilioni 4.28, wenzao wakakataa, wamegombana miaka, na mwaka 2025 wamerudi na vipimo vipya vya bilioni 4.16. Ugomvi mzuri huo, nauangalia kama mpira.

Sasa tuje jikoni.

Wasukuma humu mnajua samli. Maziwa unayaweka kwenye kibuyu, unasukasuka mpaka mkono uume, unapata siagi. Hiyo ni mara ya kwanza. Alafu siagi unaiweka motoni, inayeyuka, uchafu unabaki chini, juu unapata samli. Hiyo mara ya pili. Hivi kuna mtu hapa amewahi kupata samli moja kwa moja kutoka kwa ng'ombe? Hakuna. Lazima upite kwenye siagi.

Na bara ndo hivyo hivyo. Chini ya ganda kuna tabaka nene linaitwa mantili, hayo ndo maziwa. Mantili ikiyeyuka kidogo, sio yote, kidogo tu, kinachotoka ni bazalti. Hiyo siagi. Huwezi kuyeyusha mantili ukapata bara la graniti, wamejaribu kwenye maabara, kiasi cha silika, ile inayojenga mchanga, hakitoshi. Lazima uichukue ile bazalti, uirudishe motoni, uiyeyushe tena kidogo, ndipo inatoka samli: jiwe jepesi, la kijivu, lenye kwatzi nyingi. Miamba hiyo ya kale ina majina matatu, tonalaiti, trondimaiti na granodaioraiti. Rudieni pamoja nami... haya acheni, mtajing'ata ulimi, wenyewe wamechoka wanasema TTG. Mabara ya kale kabisa, Greenland, Kanada, Afrika Kusini, Australia, ukikwangua chini ni TTG, TTG, TTG.

Lakini kuna shida. Bazalti kavu ni kaidi, inataka joto la nyuzi 1,100 na zaidi ndo ianze kulegea vizuri. Ukiipa muda na moto wa kawaida wa huko chini inakukodolea macho tu kama maharage ya mwaka jana. Nani anakumbuka jibu la mama?

MAGADI! Na magadi ya mwamba ni maji. Maji yakiwa ndani ya madini yake, bazalti inaanza kuyeyuka kwenye nyuzi 700 au 800 hivi. Mamia ya nyuzi yameshuka! Mama ameokoa mkaa, dunia imeokoa joto. Mwaka 1983 wanasayansi wawili, Campbell na Taylor, waliliweka wazi hili: pasipo maji hakuna graniti, na pasipo bahari hakuna bara. Angalia Zuhura, jirani yetu mwenye ukubwa karibu sawa na wetu, juu kule tunavyojua ni bazalti karibu kila mahali, kavu, siagi imejaa na samli hakuna.

Niwape kisa changu. Nilipokuwa kijana niliajiriwa kwenye mgodi mmoja kanda hii, kazi yangu ni kuandika mawe siku nzima, jiwe namba hii, rangi hii, mita hii. Mawe karibu yote ya kijani. Nilikuwa na digrii, nimejaa majina ya kizungu kichwani, nikamuuliza mzee mmoja mchimbaji, aliyeanza kuingia duarani kabla sijazaliwa, nikamwambia baba, hivi hili jiwe kwanini ni kijani? Akaligeuza, akaligonga gonga, akasema "hili lilikunywa." Nikacheka. Nilikuja kuacha kucheka baadaye sana, maana ndo jibu lenyewe. Zile ni bazalti zilizomwagika chini ya maji, maji ya moto yakapita kwenye nyufa zake, madini meusi yakageuka kuwa ya kijani yenye maji ndani yake. Ule ukijani ni maji yaliyofungiwa. Nyinyi wachimbaji wadogo mliopo hapa, mnaponda hayo mawe kwenye karasha kila siku mnatafuta dhahabu, kumbe mnaponda ile siagi yenye magadi ambayo haikuwahi kufika motoni.

Haya. Kwa hiyo tuna bazalti, ina maji, iko juu juu. Itafikaje chini kwenye moto? Hapa wataalamu wamegawanyika kama Simba na Yanga.

Upande mmoja wanasema ilikuwa kama leo. Leo, kule Andes au Japani, bamba la bahari, yani kipande kikubwa cha ganda la dunia kinachotembea, linajipinda linaingia chini ya lenzake, linashuka na maji yake, kwa hiyo hata zamani ilikuwa hivyo. Upande wa pili wanasema subiri kwanza, zamani dunia ilikuwa na moto zaidi, mabamba yalikuwa malaini, yangeshukaje kwa heshima namna hiyo? Na ushahidi wa moto uko hapa hapa Afrika. Milima ya Barberton, mpakani mwa Afrika Kusini na Eswatini, kuna mto unaitwa Komati, na mwaka 1969 ndugu wawili wa familia ya Viljoen walieleza lava ya ajabu ya pale ambayo ikaitwa komatiaiti kwa jina la mto. Lava ya Hawaii leo inatoka na nyuzi kama 1,200. Ile ya Komati ilitoka karibu na 1,600! Ilitiririka nyepesi kama maji ya kunawa. Jiko la zamani lilikuwa jiko lingine kabisa.

Kwa hiyo hawa wa upande wa pili wanasema bazalti haikushuka kwa kuteleza, ilirundikana. Volkano juu ya volkano, lava juu ya lava, rundo linanenepa kilomita 30, 40, mpaka ile ya chini, yenye maji yake, inajikuta yenyewe iko kwenye moto. Inayeyuka. Samli inapanda juu. Na mabaki je? Mabaki yamejaa ganeti, madini mekundu mazito, yanakuwa mazito kuliko hata mantili, yanadondoka chini huko, kwaheri.

Tunajuaje kulikuwa na ganeti wakati imeshaondoka? Swali zuri, nimejiuliza mwenyewe. Tuseme umeletewa mchuzi, una harufu ya nyama, una mafuta ya nyama, lakini nyama yenyewe hata chembe. Utasemaje? Utasema kuna mtu kabaki na nyama jikoni. Sasa ganeti inapenda sana elementi kama itriamu, inaishika haiachii. TTG ukizipima, nyingi zina itriamu kiduchu mno. Kuna mtu alibaki na nyama jikoni, na mtu mwenyewe ni ganeti, na ganeti haikai kwenye bazalti mpaka kuwe na mgandamizo wa kina kirefu. Mchuzi umetusimulia jiko lilikuwa chini kiasi gani.

Mimi nasimama wapi? Kwa ganda lile la kwanza kabisa niko na watu wa rundo. Mkienda Pilbara, Australia tena, hata kwenye picha ya setilaiti mtaona mabaka makubwa ya mviringo ya graniti, kila baka makumi ya kilomita, na mawe ya kijani yamebanwa katikati kama mikunjo ya nguo. Umewahi kuangalia uji mzito unavyochemka, unapanda puu hapa, puu pale, na kingo zinazama? Ndo ile. Graniti nyepesi ya moto ilipanda, bazalti nzito ikazama katikati yake, miaka bilioni 3.5 mpaka 3.2 iliyopita, na hapo sioni dalili ya bamba kuteleza chini ya bamba. Hata ile Acasta, mawe yake ya zamani zaidi yana kemia inayofanana na ya Aisilandi, kisiwa cha volkano zilizorundikana. Baadaye ndipo mabamba yakakomaa yakaanza mchezo wa leo, wengi wanaweka mabadiliko hayo karibu na bilioni 3, lakini msiniulize tarehe.

Na sisi? Mwanza yetu?

Tuko juu ya kratoni ya Tanzania, kipande cha bara kongwe kinachotoka Dodoma na Singida, kinapita Tabora, Shinyanga, hapa, Mara, mpaka magharibi mwa Kenya kule Migori na Kakamega. Miamba yetu mingi ina zaidi ya miaka bilioni 2.5, kwa hiyo kwa Acasta sisi ni wajukuu. Na jiwe la hapa lenye madini ya feldispa ya rangi ya pinki limepikwa mara ya tatu, ni TTG iliyoyeyushwa tena, samli imechujwa upya. Ile mipangilio ya mawe juu ya mawe ni kazi ya juzi, maji ya mvua yameoza mwamba kwenye nyufa, udongo ukaondoka, vibonge vikabaki. Maji tena.

Lakini kitu kinachonisisimua mimi ni mzizi. Kratoni inaenda chini, ina mzizi wa baridi mgumu unaopita kilomita 150. Chukueni ramani ya Bonde la Ufa. Linashuka kutoka Ethiopia, linafika huku, alafu linafanya nini? Linagawanyika! Tawi moja linapita mashariki, Kenya, Natron, Manyara. Jingine linapita magharibi, Albert, Kivu, Tanganyika. Katikati wameliacha Ziwa Victoria na sisi. Ufa unaopasua bara zima umefika hapa umekuta kisiki, umezunguka. Na Mwadui pale Shinyanga, ambapo mwanajiolojia Williamson aligundua almasi mwaka 1940, zile almasi zilikuja kutoka kwenye mzizi huo, maana almasi inataka kina cha kilomita kama 150 na isiwe joto la kupitiliza. Bila mzizi wa zamani, Mwadui ingekuwa shamba la pamba tu.

Kuna mtoto aliniuliza mlangoni, mwalimu, bara jipya bado linatengenezwa? Linatengenezwa mwanangu, Andes kule, kila volkano inapopanda. Ila TTG kama zile za kale zimekuwa adimu sana, jiko limepoa.

Sasa saa tisa tunashuka ziwani kwa miguu mpaka lile Jiwe la Bismarck. Njiani kwenye graniti yoyote mtakayopita tafuteni vipande vyeusi au vya kijani kibichi vilivyomezwa ndani, vingine saizi ya ngumi, vingine kama sinia, hiyo inaweza kuwa bazalti iliyonaswa kabla haijamaliza kuyeyuka. Atakayekipata wa kwanza aniite kwa sauti. Nyundo ziacheni hapa, na nyie mliokuja na kandambili mtajuta.